Kijana anayejiona hafai: daktari wa meno, timu, kambi au mshauri?

Saa saba mchana pale Kondele, jua la Kisumu likiwaka kisawasawa, msichana wa Gredi ya 8 amevaa sweta la shule na kukunja mikono kifuani. Akiitwa ubaoni husema hajui, ingawa jibu limo kwenye daftari lake. Kule Njoro, mvulana wa rika lake hawezi kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Wote wawili huambiwa neno lile lile na walimu, majirani na jamaa: "Jiamini!" Neno hilo halimsaidii yeyote kati yao, kwa kuwa shida zao ni tofauti na halimwonyeshi hata mmoja pa kuanzia.

Mzazi au mlezi wa kijana wa miaka 11 hadi 17 ana njia kadhaa mbele yake: kubadilisha mambo nyumbani, kutafuta tiba ya kile kinachomwaibisha mtoto, kumwingiza kwenye timu au chama, kumpeleka kambi ya likizo, kumkabidhi kwa mwalimu wa ushauri nasaha, au kulipia mshauri wa nje. Pesa hazitoshi zote, na likizo ya Desemba ni moja tu. Hapa tunazilinganisha jinsi mzazi anavyokutana nazo. Msimamo wetu tunausema mapema: njia inayompa kijana kitu cha kufanya ambacho wengine wanakihitaji huzidi njia inayompa maneno matamu, isipokuwa pale penye ugonjwa au penye mtu anayemdhuru.

Kwanza, panauma wapi?

Kujiamini na kujithamini si kitu kimoja. Kujiamini ni kuona kwamba unaweza jambo fulani, kama kupiga penalti au kusoma somo kanisani. Kujithamini ni kuona kwamba wewe ni mtu wa maana hata penalti ikipaa. Wapo viranja wanaopiga kelele gwarideni na usiku wanajichukia, na wapo watoto wanyamavu kabisa walio salama moyoni. Usichague njia kwa kutazama ukimya wa mtoto peke yake.

Mwanasaikolojia Mmarekani Susan Harter alionyesha kwamba kijana hajipimi kwa mizani moja. Hujipima sehemu kwa sehemu: masomo, sura na mwili, kukubalika na rika, michezo, tabia, urafiki wa karibu. Kufeli katika sehemu asiyoijali hakumuumizi sana. Kinachomwangusha ni kufeli pale alipoweka moyo wake, na katika umri huu sura ndiyo huvuta mizani kuliko sehemu nyingine zote.

Basi mpe karatasi moja. Aandike sehemu hizo sita, na kila sehemu aipe alama mbili kuanzia 0 hadi 10: "najiona niko wapi" na "jambo hili lina uzito gani kwangu." Penye uzito wa 9 na alama ya 2 ndipo penye kidonda. Zoezi hilo ni la dakika kumi, na mara nyingi jibu humshangaza mzazi aliyekuwa tayari kulipa tuisheni ya hesabu.

Ukitaka kipimo cha jumla, kipo cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965: sentensi 10, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 30. Chini ya 15 huhesabiwa kuwa kiwango cha chini. Hapa watu hukosea mara tatu. Sentensi tano kati ya hizo zinakana thamani ya mtu, kwa hiyo alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlisha, na mzazi asiyejua hilo hupata jibu lisilo na maana. Pili, kijana hujaza huku baba yake ameketi pembeni, naye huandika kinachompendeza baba. Tatu, hujaza siku ya kupokea ripoti ya shule. Mwache ajaze peke yake siku ya kawaida, kisha arudie baada ya wiki mbili. Alama hizo zinaonyesha hali, hazitaji ugonjwa.

Kurekebisha jambo lenyewe, au kumzungumzisha?

Yule mvulana wa Njoro ana meno yenye madoa ya kahawia. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku huvuka hapo. Floraidi huharibu ganda la jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, hadi karibu miaka 8. Jino huchomoza likiwa tayari na doa.

Nyumbani huenda doa hilo halikumsumbua hata siku moja, kwa sababu wenzake wengi wanayo. Kisha anapata nafasi katika shule ya bweni Kakamega au Kisii, na wiki ya kwanza tu mtu anamwuliza mbele ya bweni zima kama huwa anapiga mswaki. Kuanzia siku hiyo mkono unapanda mdomoni. Hiyo ni aibu yenye chanzo kinachoonekana, na mtoto wa namna hiyo akiketishwa vikao sita vya kuambiwa uzuri uko moyoni, anaelewa kwamba hakuna aliyemsikiliza.

Daktari wa meno ana njia tatu hivi: kusugua tabaka la juu kwa dawa na unga maalumu, kung'arisha, au kulifunika jino kwa kompositi, yaani kijazio chenye rangi ya jino. Madoa mepesi hukubali njia ya kwanza. Madoa mazito yenye vishimo huhitaji kufunikwa, na kompositi hubanduka au kubadilika rangi baada ya miaka kadhaa, ikabidi irudiwe. Huhitaji kutengeneza kinywa kizima. Uliza bei ya meno 4 au 6 ya mbele juu, yale yanayoonekana mtu akicheka. Umri nao una maana katika kung'arisha, kwa hiyo mwache daktari aamue kama ni sasa au baadaye. Kisichofaa kabisa ni kusugua kwa makaa, mchanga, majivu, ndimu au Jik. Doa limo ndani ya ganda, nawe unakwangua ganda lenyewe hadi jino linaanza kuuma kwa maji baridi. Wadogo zake waliobaki nyumbani wapewe maji ya mvua au yaliyopita kwenye kichujio cha makaa ya mifupa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi inabaki na kuzidi.

Yule msichana wa Kondele huenda anahitaji sidiria mbili za saizi yake na mtu wa kwenda naye dukani bila kucheka. Kwa wasichana balehe huanza popote kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana 9 na 14, na aliyewatangulia wenzake huteseka sawa na aliyechelewa. Katika kundi hili mtie pia mtoto anayeitwa mjinga kumbe haoni ubao, anayekosa shule siku nne kila mwezi kwa kukosa sodo, na mwenye chunusi. Kwa chunusi, osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usiminye, kisha paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 kutoka duka la dawa, safu nyembamba usiku. Ngoja wiki 6 hadi 8 kabla ya kusema haifanyi kazi, na atumie taulo nyeupe kwa sababu dawa hiyo hutoa rangi nguo. Krimu za kujichubua zenye haidrokwinoni au steroidi usizikaribishe. Wiki ya pili uso hung'aa, na baadaye ngozi hukonda na kutoa chunusi mbaya kuliko za kwanza.

Basi lini urekebishe na lini uzungumze? Rekebisha kile kinachomzuia kufanya jambo: kucheka, kusimama ubaoni, kusoma, kucheza. Usikimbize kile kinachomfanya afanane na wengine, kama viatu vya bei au simu kubwa zaidi, maana hapo hakuna mwisho. Na kama miezi miwili baada ya meno kutengenezwa bado mkono unapanda mdomoni, mazoea yamebaki hata kama sababu imeondoka. Wakati huo mshauri ana kazi.

Sifa, au kazi ya kuaminiwa?

Mzazi akigundua mtoto anajiona duni, jambo la kwanza analofanya ni kumsifu. Nia ni njema, lakini kipimo cha sifa hukosewa. Utafiti wa Eddie Brummelman na wenzake wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba watu wazima huwapa sifa zilizotiwa chumvi hasa watoto wanaojithamini kidogo, na kwamba watoto hao hao ndio wanaokwepa kazi ngumu baada ya kupewa sifa hizo. Sababu inaeleweka ukiitafakari: ukimwambia mchoro wake ni wa ajabu mno, umemwekea kiwango ambacho anaogopa hatakifikia tena. Kule Kanada, Joanne Wood na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kurudia sentensi tamu kama "mimi ni mtu wa kupendwa" huwaacha wanaojithamini kidogo wakijisikia vibaya zaidi. Moyo hubishana na maneno, na hoja za kubishana unazo tele.

Sifa inayofaa hutaja kitendo na faida yake: "Ulipomweleza nyanya ile dawa ya jioni, hakunywa mara mbili." Basi, ishie hapo.

Kazi ya kuaminiwa huenda mbali zaidi. Tunamaanisha kazi ambayo nyumba itatetereka ikiachwa, inayohitaji ujuzi, na ambayo zamani ilifanywa na mtu mzima. Kuosha vyombo si kazi ya aina hii, hasa kwa wasichana, ambao tayari wamelazimishwa kuifanya na hakuna anayeona. Kufunga hesabu ya kibanda jioni ni kazi ya aina hii. Vivyo hivyo kusimamia kuku kumi na daftari la mayai, kumpeleka nyanya kliniki ya presha na kurudi na maelezo sahihi, au kuangalia tokeni za stima zisiishe.

Chukua hesabu ya kibanda. Jioni ya kwanza anakutazama tu. Ya pili na ya tatu anahesabu, wewe uko kando na mkono wako mfukoni. Ya nne anafunga peke yake. Kabla hamjaanza, jiamulie moyoni hasara unayoweza kuvumilia, tuseme shilingi 200. Siku zitakapopungua shilingi 150, na zitapungua, mwulize "Tuanze kuzitafuta wapi?" Yule atakayemwambia "Nilijua tu" amemaliza zoezi zima kwa maneno mawili. Kosa jingine hufanywa kwa upendo: mzazi huhesabu tena mtoto akitazama, "kuhakikisha tu." Kuhakikisha huko humwambia mtoto ukweli wote kuhusu unavyomwona. Ukihitaji kuhesabu, hesabu akiwa amelala.

Huku ukifanya hayo, pima mdomo wako. Siku 7, ukurasa mmoja wa daftari, safu nne: amri, lawama, kulinganisha, shukrani. Piga mstari kila neno linapotoka. Safu ya kulinganisha ndiyo huwashtua wengi, kwa sababu "binamu yako alipata ngapi?" huwa hatuisikii tukiisema. Aibu iliyopandwa mezani nyumbani haiondolewi na kambi yoyote, hata ya bei gani. Ukikuta safu hiyo imejaa, usilipe mtu yeyote kwanza. Anza hapo.

Kambi ya siku tano, au kundi la mwaka mzima?

Hili ndilo swali linalogharimu wazazi wengi pesa zisizorudi. Ifikapo Agosti na Desemba, makanisa na vikundi vya vijana kuanzia Nakuru hadi Bungoma hufungua kambi na semina. Kambi nzuri ina mambo yake: mtoto anatoka mtaani ambako jina lake la utani linajulikana, anakutana na watu wapya, analala, anakula, anaimba. Siku ya tano anarudi akiwa na moto. Wiki ya tatu moto umezimika, naye sasa ana ushahidi mpya dhidi yake: hata kambi haikumsaidia.

Moto huzimika kwa sababu kilichobadilika ni mazingira, na yeye amerudi kwenye yale yale. Kambi nyingi pia hutegemea hotuba na kutamkiana maneno mazuri mbele ya kioo au kundi, yaani dawa ile ile ambayo haimfai anayeihitaji zaidi. Kambi iliyo bora utaitambua kwa ratiba. Iombe kabla ya kulipa. Hesabu saa za hotuba na saa za kufanya: kupika, kupanda, kujenga, kuigiza, kufundishana. Hotuba zikizidi nusu, acha. Uliza pia kuna mkutano gani baada ya mwezi mmoja. Kambi isiyo na jibu la swali hilo ni matembezi, na matembezi hayana ubaya, ila yalipie kama matembezi.

Semina za tohara za Desemba zina maswali yake zaidi: nani analala na wavulana, nani ni mhudumu wa afya na yuko umbali gani, na kama kuna kupigwa au kutukanwa kunakoitwa kufunzwa uanaume. Kwa Wabukusu, tohara huja Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na mvulana aliyebaki nyuma ya wenzake hubeba mzigo wa kejeli miaka miwili mizima. Kama ndiyo inayomwumiza mwanao, jambo hilo lizungumzwe na baba au mjomba kwa uwazi, mshauri hataliondoa.

Kundi la mwaka mzima hujenga polepole na halina picha nzuri za kurusha WhatsApp. Lakini lina kile ambacho kambi haina: kurudi kila wiki mbele ya watu wale wale, kukosea, na kukuta nafasi yako bado ipo. Tofauti iko ndani ya makundi yenyewe. Timu ya kandanda ina nafasi 11, na mtoto mzito wa miguu atakaa benchi muhula mzima akijifunza kwamba hahitajiki. Huyo mpeleke kwaya, maigizo, skauti, au hata timu hiyo hiyo lakini kama mtunza takwimu aliyefundishwa kazi yake. Maigizo yana taa, mavazi, ngoma na sauti, na kila mmoja akikosekana onyesho linakwama. Skauti hugawanywa katika vikosi vya watu sita hadi wanane, kwa hiyo hakuna pa kujificha wala pa kusahaulika. Kipimo chetu ni hiki: ndani ya wiki tatu za kwanza kijana awe na jukumu lenye jina. Asipokuwa nalo, zungumza na mwalimu au ubadilishe kundi.

Kalenda ina maneno yake. Tamasha za drama kwa kawaida hufikia kilele Aprili na za muziki Agosti, na muhula wa tatu ni mfupi na umejaa mitihani. Anayeanza Septemba hukuta milango imefungwa. Andikisha Januari.

Kwa mwenye miaka 14 na zaidi tunaupendelea mpango wa President's Award, ambao umekuwepo Kenya tangu 1966. Ngazi ya shaba huchukua angalau miezi 6: huduma kwa jamii, ujuzi na mazoezi ya mwili kwa wastani wa saa moja kwa wiki kila kimoja, pamoja na safari ya siku 2 na usiku 1. Hakuna benchi wala nambari moja. Anashindana na lengo aliloliweka mwenyewe. Kinachoharibu ni makaratasi. Mwalimu msimamizi huhamishwa na saini za miezi minne hupotea naye. Kila Ijumaa saini iwekwe, na ukurasa upigwe picha kwa simu ya mzazi.

Hatusemi vikao vya muda mfupi havina maana. Mpango wa Shamiri ulijaribiwa kwa vijana 413 wa shule za upili hapa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Ulikuwa na vikao 4 vya saa moja kila wiki, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule na kupewa mafunzo, na dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vikao vile vilikuwa vya kundi dogo, vilirudi wiki baada ya wiki, na kila kijana aliandika na kufanya jambo lake mwenyewe. Mwandalizi wa kambi akikwambia siku zake ni chache, mwulize kama angalau hayo matatu anayo.

Mwalimu wa nasaha, au mshauri wa nje?

Mwalimu wa ushauri nasaha yuko karibu, hana malipo, anawajua wanaomchokoza mtoto na anaweza kuwahamisha dawati kesho. Kwa uonevu darasani, kwa mwalimu anayewaita watoto majina, kwa mtoto aliyehamia shule mpya, yeye ni bora kuliko mtaalamu wa mjini. Shida ni kwamba shule nyingi humpa kazi hiyo mwalimu mwenye vipindi kamili vya masomo. Mwulize mambo matatu: kuna chumba ambacho mlango wake unafungwa na hakitazamani na ofisi ya walimu? Je, yeye pia anakaa kwenye kamati ya nidhamu? Ana saa gani kwa wiki zisizo na somo? Akiwa ndiye anayesikiliza siri na ndiye anayeadhibu, wanafunzi watamletea hadithi za kumpendeza tu. Mpango huo wa shule si kosa lake, lakini unabadilisha unachoweza kumtarajia.

Mshauri wa nje hana ukuta huo. Kazi hii ina sheria yake Kenya, ya mwaka 2014, inayohusu washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo kuuliza usajili wake si ukosefu wa heshima. Kikao ni dakika 45 hadi 60. Kwa shida ya kujithamini isiyo na ugonjwa, panga vikao 6 hadi 8, na uliza bei ya vyote kabla ya cha kwanza, pamoja na nauli. Watoto wengi huacha kwenye cha tatu kwa sababu ya nauli, wala si kwa sababu ya mshauri. Kaeni pamoja, wewe, mtoto na mshauri, mwanzoni mwa kikao cha kwanza ili mtoto asikie wazi nini kitabaki siri na nini mzazi lazima aambiwe, yaani hatari kwa maisha yake au mtu anayemdhuru.

Mshauri mzuri humtoa mtoto na kazi ya nyumbani. Kwa yule msichana wa sweta ingekuwa hivi: wiki hii utainua mkono mara mbili katika somo unalolijua. Kabla ya kuinua, andika unachotarajia: "watacheka wote." Baada ya hapo, andika kilichotokea: waliocheka ni wangapi, mwalimu alisema nini, ulijisikiaje baada ya dakika kumi. Wiki ijayo wanasoma karatasi hiyo pamoja. Kati ya "wote" na "wawili nyuma dirishani" kuna nafasi ya kupumua, naye ameipima mwenyewe. Mshauri anayetoa mawaidha tu kwa saa nzima, anayeahidi kumponya kwa siku moja, au anayekupigia simu kukusimulia kila neno la mtoto, mwache.

Hospitali inakuja kwanza, si mwisho, ukiona haya: usingizi au hamu ya chakula imebadilika na huzuni imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili, ameacha hata anachokipenda, anajikata, anagawa vitu vyake, au anasema afadhali asingekuwepo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Siku hiyo hiyo nenda idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Kisumu, Kakamega, Bungoma au Nakuru, na usimwache peke yake njiani. Dawa za shambani, za kuogeshea ng'ombe na za panya zifungiwe au zitoke nyumbani kabisa. Simu 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Kama unaogopa polisi, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Na kama anayemdhuru mtoto yumo nyumbani, hakuna njia kati ya hizi itakayofaa kabla ya mtoto kuwa mahali salama.

Kutwa au bweni kwa Gredi ya 10?

Kundi la kwanza la Sekondari Pevu liliingia Januari 2026, na kwa watoto wengi huko ndiko mabadiliko makubwa yalikohamia, kwa sababu Gredi ya 7 wengi waliianza katika uwanja ule ule wa shule ya msingi. Bweni humfaa kijana ambaye nyumbani au mtaani ndipo panapomwumiza, na aliye na rafiki au kundi la kujiunga nalo tangu wiki ya kwanza. Kutwa humfaa anayeumizwa na rika, au mwenye jambo la mwili ambalo bado linatibiwa, kwa maana bafu la pamoja halimfichi mtu. Kukojoa kitandani, kifafa, meno, kovu la moto: mwambie mwalimu wa bweni kabla ya siku ya kuripoti, mbele ya mtoto na kwa ruhusa yake, ili mtoto ajue kilichosemwa na kisichosemwa.

Siku ya kwanza ya kumtembelea usianze na alama za mtihani. Mwulize kitanda chake kiko jirani na cha nani, anakula na nani, na jukumu lake bwenini ni lipi. Akikosa jina hata moja, usiondoke kabla hujaonana na mwalimu wa bweni.